Karatasi Namba Thelathini

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na sababu nitajitetea.

Miaka sita iliyopita nilitumwa Sibwesa kukusanya mimea thelathini ya chumba chetu cha kumbukumbu Mpanda. Kazi yetu ni kukausha mmea, kuubandika kwenye karatasi ngumu na kuandika pembeni umechumwa wapi, lini na nani. Nilipata ishirini na tisa. Kabla ya wa thelathini mvua ikanishinda, nikajibanza kwa Mzee Celestin na mkewe Goreth. Walinilisha ugali na dagaa wa Ikola mpaka nikasinzia. Kesho yake niliwaaga kwamba naenda porini, nikarudi Mpanda, na sokoni Kashaulili nikanunua kwa muuza dawa mmoja mmea mkavu wa kutambaa, una majani, una hadi matunda. Alisema umetoka Dodoma. Nikaubandika, nikaandika: "Sibwesa, hatua mia mbili kutoka nyumba ya Celestin na Goreth." Eti nawashukuru kwa chakula. Mpumbavu mimi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka sita. Mwaka huu mtaalamu mmoja alipekua karatasi zetu, akashtuka: mmea wa nchi kame ya Dodoma, kuota Sibwesa! Mwezi haukuisha, afisa wa serikali akaleta barua kijijini: shamba la Celestin lizungushiwe uzio, mmea ulindwe, wenyewe wahame. Wazee hawa walikimbia Burundi wakiwa watoto, wakaja kupata uraia ukubwani, wakajua wamefika. Nami nikanyamaza. Nilijiambia watautafuta, wataukosa, watasahau.

Siku ya mkutano wa kijiji nilikaa nyuma kabisa. Goreth alisimama na beseni lililojaa mizizi na majani.

"Tumeutafuta wiki tatu, mimi na mzee," alisema. "Tumechimba mpaka kwenye mihogo. Haupo. Lakini huyu Manyanda hawezi kuandika uongo, namjua, amekula kwangu. Basi ni sisi tuliung'oa kwa jembe bila kujua." Akanigeukia, akapiga goti. "Mwanangu, utusamehe."

Ardhi ingenimeza ningeishukuru. Nilijikuta nimefika mbele, nimemshika mkono namwinua.

"Mama, hamkung'oa kitu. Haukuwepo. Niliununua Kashaulili."

Mzee Celestin akauliza taratibu, "Kwa hiyo siku ile, ulivyoamka, hukwenda porini?"

"Sikwenda, baba."

Afisa aliyeleta barua aliikunja mara nne, akairudisha mfukoni, akasema shamba libaki kwa wenyewe. Mimi akaniambia nikaripoti kwa mkuu wangu kesho asubuhi. Kazi sijui kama bado ninayo, na kusema kweli nastahili kuikosa.

Goreth alinisubiri nje, beseni kichwani.

"Sasa nenda kafute jina letu kwenye hiyo karatasi."

Nikamweleza, na safari hii bila kuongeza wala kupunguza. Karatasi ya mmea haifutwi. Kosa linabaki palepale, unabandika kipande pembeni yake, unaandika sahihisho na jina lako.

"Kwa hiyo tutabaki humo?"

"Mtabaki, mama."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho.

"Basi kwenye hicho kipande andika na hili: siku ile alikula kwetu."