Mchezaji wa Pili

Kaka Mkubwa aliingia bila kubisha, boksi kwapani, akamkuta mdogo wake wa kike anapuliza vumbi kwenye redio ya mteja.

"Kitinda, hujambo? Weka hiyo pembeni, kuna kazi ya nyumbani."

Walimwita Kitinda kwa sababu alikuwa kitindamimba, na kwa sababu jina lake lenyewe lilikuwa refu na watu wa nyumba ile walikuwa na haraka zao. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama, chenye dirisha linalotazama barabara. Humo alikuwa anakata mikia ya padi za gemu za zamani, zile za kubonyezea. Unamletea padi yenye waya, anaifungua mgongo, anang'oa waya, anapachika kibao kidogo cha redio na betri. Kwenye mashine anachomeka kipokezi, palepale ulipokuwa unaingia waya. Kuanzia hapo padi na mashine zinaongea kwa hewa. Chuo alikiacha katikati, lakini hii kazi aliijua mpaka mizizi, na hakuna padi iliyowahi kurudi kulalamika.

Ndani ya boksi kulikuwa na gemu yao ya utotoni na padi zake mbili, nyaya zimesokotana kama mambo ya ukoo.

"Watoto wangu wanajikwaa kwenye hizi nyaya," alisema Kaka Mkubwa. "Nifanyie chapchap. Halafu Jumapili tuna kikao hapa kwa mama, kuhusu hiki chumba."

"Chumba changu?"

"Chumba cha familia. Utakuwepo, si unaishi hapa?"

Kitinda akaanza na padi ya kaka yake. Pini za plagi zilikuwa nyeusi na zimechubuka, kama meno ya mvuta sigara. Akashika ya pili, ile yake, yenye alama ya jino lake upande wa kushoto. Pini zilikuwa zinang'aa. Akaziweka chini ya kioo cha kukuzia. Hazina hata mkwaruzo.

"Kaka, hii haijawahi kuchomekwa."

"Kumbe hukujua?" Kaka Mkubwa alicheka mpaka akashika mlango. "Ulikuwa unatupigia kelele, tukakupa padi, plagi tukaificha nyuma ya kabati. Unabonyeza huku ulimi uko nje! Dada anakwambia, 'Kitinda, umemuua yule!' Unaruka juu ya kochi."

"Sasa mchezaji wa pili alikuwa nani?"

"Mashine yenyewe."

"Mama alijua?"

"We! Mama ndiye aliyetoa wazo."

Kitinda akachukua koleo, akakata. Mkia ukaanguka sakafuni. Chuma cha kulehemu kilikuwa kimeshapata moto, na moto haungoji mtu amalize kununa. Akaunga kibao cha redio, akaweka betri, akafunga skrubu, akachomeka kipokezi kwenye mashine na kuiwasha pamoja na televisheni ya majaribio, akaiacha padi mezani na kwenda kunawa mikono.

Aliporudi, kwenye televisheni mchezaji wa pili alikuwa anaruka. Anaruka palepale, bila kwenda mbele wala nyuma, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Padi ilikuwa imelala mezani, hakuna aliyeigusa.

Kitinda alikitambua kidole kilichokuwa kinabonyeza. Ni cha kwake, cha umri ule ambao alikuwa anakijua kitufe kimoja tu. Mibonyezo yote ya utoto wake ilikuwa humo ndani, ilikosa pa kutokea, na sasa redio imeifungulia mlango. Ili kuhakikisha, alitoa betri. Mchezaji wa pili akaendelea kuruka. Akairudisha betri taratibu, kwa heshima.

"Imeharibika?" aliuliza Kaka Mkubwa.

"Haijaharibika. Inatoa kwanza zile za zamani. Zilikuwa kwenye foleni."

"Zitaisha lini?"

"Nilicheza mpaka naingia sekondari."

"Basi iache hapahapa kwa mama. Wanangu hawana subira hiyo."

Gemu ikahamia sebuleni. Mama akasogeza kiti karibu, akawa anakunja nguo huku anatazama. Mchezaji wa pili alipolipiga ngumi pipa tupu asubuhi nzima, mama alisema, "Hapo nilikuwa nimekuchapa." Aliposimama mikono imening'inia, hasogei, mama aligeuka na kumwambia Kitinda, "Hapo ulikuwa na surua, mwanangu. Padi uling'ang'ania kulala nayo." Majirani walikuja na viti vyao. Wote walikubaliana kwamba mtoto anaendelea vizuri.

Jumapili wakakusanyika: Kaka Mkubwa, Kaka wa Kati, Dada, mama, na Kitinda kwenye kigoda karibu na mlango. Televisheni iliachwa ikiwaka, kwani mama alisema si vizuri kumkatiza mtoto.

Kaka Mkubwa alieleza kwamba kuna mtu wa duka la dawa anakitaka chumba cha mbele.

"Na mimi nasema hivi," Kitinda alianza. "Hicho chumba ndiyo kazi yangu. Wateja wanalijua lile dirisha. Wengine wanatoka mbali, na wakifika hawaulizi njia. Sikubali kitolewe."

"Umesema vizuri sana," alisema Dada.

"Umeongea kama mtu mzima," alisema Kaka wa Kati.

"Tumekusikia, mdogo wetu," alisema Kaka Mkubwa. "Basi mtu wa dawa anaingia mwanzo wa mwezi."

"Si nimesema sikubali?"

"Ndiyo. Na tumekusikia."

"Kaka yako anajua anachofanya, mwanangu," alisema mama, macho kwenye televisheni.

Hapo televisheni ikapiga tarumbeta. Mchezaji wa pili alikuwa amefika kwa lile jitu la mwisho, lililomshinda Kaka Mkubwa utoto wake wote. Vichwa vyote vikageuka.

"Ruka!" Kaka wa Kati alipiga kelele. "Ruka, ruka sasa!"

Mchezaji wa pili akaruka, akapita juu ya rungu, akaligonga jitu kisogoni. Likaanguka vipande vipande. Watu wakasimama. Dada akapiga vigelegele, mama akaangusha nguo, na Kaka Mkubwa akapiga makofi mpaka machozi yakamlengalenga.

"Huyu mtoto alikuwa na kipaji, bwana!"

"Tungejua, tungemchomeka," alisema Kaka wa Kati.

Wakacheka wote. Kitinda naye alicheka, kwa sababu kweli ilichekesha. Kisha Kaka Mkubwa akaomba kalamu na kuusaini mkataba wa duka la dawa juu ya goti lake, jicho moja kwenye televisheni.

Kitinda hakungoja mwanzo wa mwezi. Alikuwa ameshapatana na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mwenye kibaraza kipana, na mteja akisimama kwenye dirisha la zamani anamwona hapohapo. Alifungua rafu, akapanga vifaa kwenye sanduku. Kitasa cha sanduku kilikuwa kimekufa siku nyingi. Akaokota sakafuni ule waya alioukata, akauzungushia sanduku, akapitisha plagi kwenye kitanzi na kuvuta.

"Huo si waya wa padi yako?" mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Ndiyo wenyewe."

"Unashika?"

Kitinda alilinyanyua sanduku kwa waya, akalitikisa. Halikufunguka.

"Unashika, mama," alisema, akavuka barabara.