Ng'ombe Aonekanaye kwa Nyuma

Mama Piusi alisimulia bombani, ndoo zikiwa bado tupu, kwamba kule Kakesio kompyuta ilimkaripia Mzee Lekishon. Ati ilimuuliza ana ng'ombe wangapi, mzee akanyamaza, nayo ikampigia kelele mbele ya watu mpaka akajifunga rubega yake, akaswaga ndama wote, akaondoka bila hata mmoja kuchanjwa dhidi ya ndigana, ile homa ya kupe.

"Akasema ng'ombe wake si maharage ya kuhesabiwa," Mama Piusi alimalizia akicheka. "Baba yako huyo, Sintamei!"

Sintamei hakucheka. Aliyapepeta maneno ya jirani yake, akabakiza punje. Kompyuta haikaripii mtu, ila hutoa mlio kisanduku cha kujaza kwenye skrini kikiachwa kitupu. Na kisanduku hicho alikijua. Kilitengenezwa pale Karatu, katika ofisi aliyokuwa akiifagia mwaka wa pili sasa. Kila programu mpya, bosi wake Remigius humkalisha yeye kwanza, mtu wa darasa la saba, abonyeze. Akikwama Sintamei, na mchanjaji atakwama.

Siku hiyo hakushika ufagio.

"Kaka Remi, kile kisanduku cha idadi kitoe."

"Shikamoo imepotelea njiani?" Remigius aliuliza bila kuondoa macho kwenye skrini.

"Shikamoo. Kitoe."

"Chanjo bila idadi? Ofisi ya mifugo ya Wasso watanicheka, dada."

"Idadi ataipata mchanjaji mwenyewe akichanja. Mzee hataji hesabu ya mali yake mbele za watu. Muulize rangi na alama ya sikio, hapo atakuelezea mpaka uchoke."

Akapasua boksi la sabuni, akachora kichwa cha ng'ombe. Kila sikio aliligawa vipande. Ukibonyeza palipokatwa, panakuwa peusi. Chini yake, vitufe vilivyopakwa rangi za ng'ombe, bila neno hata moja. Jumla ijihesabu yenyewe pembeni, kimyakimya.

Remigius alilishika boksi, akaligeuzageuza. "Ijumaa naipeleka Wasso. Wakishaipokea, sigusi tena. Na Jumatatu wachanjaji wanarudi Kakesio mara ya mwisho."

"Leo Jumanne," alisema Sintamei.

Jumatano mchana ng'ombe akaingia kwenye skrini. Kwenye kompyuta ya Remigius alipendeza. Kwenye Windows, kama zile za ofisi ya Wasso, vilevile. Lakini kwenye laptopu ndogo za wachanjaji, zinazotumia mfumo wa Linux na zenye skrini fupi, kitufe cha "Hifadhi" kilimkalia sikio. Remigius alikishusha, akakipandisha, akakisogeza, mpaka Alhamisi saa nne masikio yote mawili yakakaa sawa kwenye mashine zote tatu.

"Imekwisha," alisema akijinyoosha.

Sintamei alimkumbuka ng'ombe mwekundu wa baba yake, mwenye mkato sikio la kushoto. Akabonyeza kushoto. Kompyuta ikaandika: kulia.

"Umekosea, kaka."

"Sijakosea. Anakutazama, kwa hiyo kushoto kwako ni kulia kwake."

"Nani anatazamwa na ng'ombe? Mtalii! Umemchora wa kupigwa picha. Sisi tunatembea nyuma yake."

Remigius alimtazama ng'ombe wake kwenye skrini. "Yaani nimgeuze? Mashine zote tatu?"

"Mgeuze."

"Utaniua, wewe."

"Nakuchemshia chai."

Akamgeuza. Ijumaa asubuhi Sintamei alibonyeza tena, kushoto ikawa kushoto, na Remigius akapanda basi la Wasso laptopu ikiwa mapajani. Ndipo Sintamei alipompigia baba yake. Alijaribu mara sita, mpaka mzee alipofika kilimani kwenye mtandao.

"Baba, Jumatatu wanarudi. Hawatakuuliza idadi. Watakuonyesha ng'ombe kwa nyuma, kama umswagavyo, uguse sikio tu."

Mzee alikohoa tu.

"Nimeijaribu mwenyewe. Yule mwekundu nimempata."

Alisikia kengele za ng'ombe, kisha mluzi mfupi alioujua tangu utotoni, ule wa kuwasimamisha ng'ombe. Simu haikukatika.

"Usiwahamishe ndama, baba. Wabaki mpaka Jumatatu. Utawaacha wabaki?"

Kengele ziliendelea kulia, na yeye akaendelea kushika simu sikioni.