Dari Nne, Sakafu Mbili

Mimi sina subira, na sijawahi kumficha mtu hilo. Nimeolewa na fundi saa ambaye mtaa mzima unamwita Dakika, kwa sababu yeye humwambia kila mteja "dakika moja tu" kisha akamkalisha mpaka mchana. Kibanda chake na saluni yangu vinatenganishwa na ukuta wa mbao. Akipiga chafya nasikia, nikigombana na mteja anasikia.

Mwaka jana macho yake yote mawili yaliingia mtoto wa jicho. Watoto wetu watatu walishakua wakahama, huyu wa nne akaja bila kualikwa. Saa za ukutani alikuwa bado anaziweza kwa kupapasa, lakini za mkononi alianza kuzirudisha kwa wenyewe bila kuzigusa. Niliumia sana. Daktari alisema jicho moja ni elfu tisa na mia tano, yote mawili elfu kumi na tisa, na foleni ya upasuaji ilikuwa miezi mitano.

Mali tulikuwa nayo, ila ilikuwa hisa: mia nne za kiwanda cha saruji, alizonunua mbili tatu kwa miaka kumi na tisa. Wakati huo kila moja ilikuwa hamsini na mbili. Nikamwambia auze zote, pesa tuziweke benki. Akakataa. Gawio lilikuwa njiani, na alitaka lilipie dawa za matone.

"Na zikianguka kabla ya zamu yako?"

"Tutaziwekea dari na sakafu," akasema.

Hayo alifundishwa na mteja wake, karani wa dalali wa hisa, huku akisubiri saa yake. Kwa Dakika mtu husubiri hadi akamaliza somo zima. Dari ni hivi: unamuuzia mtu haki ya kununua hisa zako kwa sitini kabla mwezi haujaisha, naye anakulipa ada papo hapo. Bei isipofika sitini, haki yake inakufa na ada ni yako. Ikipita, anazichukua kwa sitini na wewe huna la kulalamika. Lakini dari haizuii hisa kuanguka. Kwa hiyo sehemu ya ada unanunulia sakafu, yaani haki yako wewe ya kuuza kwa arobaini na nane, hata kama sokoni hakuna anayezitaka kwa kumi. Kila haki hufunika hisa mia. Sisi tulihitaji dari nne na sakafu nne.

Kwa kuwa alikuwa haoni tarakimu za simu, kubonyeza ikawa kazi yangu. Kila mwanzo wa mwezi alikuja saluni, akasimama penye sinki la kuoshea nywele, akasema, "Dari nne, sakafu nne." Dari zilituingizia mia nne, sakafu zikala mia tatu na sitini. Tukabaki na arobaini! Mwezi wa kwanza hisa hazikuanguka, sakafu zikafa bure. Wa pili zikafa. Wa tatu zikafa.

"Tunanunua hewa," nikamwambia.

"Mbona mlinzi unamlipa hata usipoibiwa?"

Nikakasirika, nikarudi kwenye kichwa cha mteja wangu.

Mwezi wa nne draya yangu ikaungua waya. Wateja wakawa wanaanikia vichwa mlangoni, wengine wakavuka barabara kwenda kwa mpinzani wangu. Fundi umeme alitaka mia na themanini, nami sikuwa nazo. Dakika akaja, akasimama penye sinki, akasema maneno yake. Nikabonyeza dari nne, sakafu mbili.

"Tayari?"

"Tayari."

"Asante, mke wangu."

Ile asante ilinichoma. Lakini draya ilipona jioni hiyohiyo, nikajiambia mwezi mmoja si kitu.

Siku ya kumi na tisa tanuri kuu la kiwanda likapasuka. Hakuna aliyeumia, ila saruji isingetoka hapo kwa muda mrefu, na ilipofika saa sita mchana hisa ilikuwa thelathini. Niliisikia redio ya kibandani ikitangaza, kisha sauti ya mume wangu kupitia mbao, imetulia kabisa, ikimwambia mteja: "Sisi tuna sakafu."

Majuto ni mjukuu, ila wangu hakungoja. Nilizima draya, nikamwacha mteja na nywele mbichi, nikaenda upande wa pili.

"Sakafu ni mbili," nikasema. "Pesa ya nyingine nilitengenezea draya."

Aligeuza uso kunitafuta, akakosea kidogo, akawa anaitazama saa iliyotundikwa nyuma yangu.

"Uliniambia tayari."

"Nilikudanganya."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga, kelele naziweza. Kwa siku tatu tukawa tunaongea habari za chai na ufunguo tu. Mwezi ulipoisha nikazitumia haki zetu mbili: hisa mia mbili zikaenda kwa arobaini na nane, tukapata elfu tisa na mia sita. Mia mbili zilizobaki zote pamoja zilikuwa kama elfu sita. Tulikuwa na jicho moja na chenji.

Zamu yake ilipokaribia akaja saluni, akashika sinki.

"Daktari anauliza tuanze na lipi."

"Si lile bovu zaidi?"

"La kazi," akasema. "Fundi saa ana jicho la kazi na jicho la kusindikiza. Hili la kushoto limekula bure miaka thelathini. Litangoja."

Nikacheka huku nalia, mbele ya wateja wawili na povu mikononi.

Upasuaji haukumaliza hata nusu saa. Baada ya wiki kadhaa alifungua saa ya mkononi, ya kike, ndogo kama kifungo cha shati, na nikamsikia akipiga mluzi hadi mchana. Mimi nilikuwa nimeanza bahasha ya akiba ya jicho la pili. Kila kichwa kilichokaa chini ya draya kilitoa kidogo. Draya ndiyo yenye deni la jicho, nikamwambia, iache ilipe.

Mwanzo wa mwezi akaja penye sinki kama zamani, ila safari hii aliichukua simu mwenyewe. Hisa ilikuwa imepanda hadi thelathini na tatu. Akasoma tarakimu moja moja kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Sakafu mbili, kwa thelathini. Dari mbili, kwa arobaini. Ada ya dari haifiki bei ya sakafu."

"Ongezea hii," nikasema, nikampa bahasha.

Akahesabu, akaingiza yote, akakagua tena. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Kisha akaniwekea simu mkononi, mkono wenyewe bado una maji.

"Si unaona sasa?" nikamuuliza.

"Naona vizuri," akasema. "Bonyeza wewe."