Posa ya Tovuti

Kompyuta ya nyumbani kwa Mzee Mshamu, mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ilikuwa na adabu kuliko watoto wake wote. Ilifungua tovuti tatu tu: ya nyakati za swala, ya hali ya bahari, na ya kiwanda cha Dar es Salaam alikoagiza magodoro ya duka lake la mbele ya nyumba. Ukiandika nyingine, inakujibu kwa maandishi mekundu kama karani aliyekosa chai.

Biubwa, bintiye wa miaka kumi na tisa, aliitaka ya nne: ya chuo cha ufundi huko Pemba, ile ya Msumbiji, kozi ya umeme. Fomu haikukubali kujazwa kwa simu, na mwisho wake ulikuwa leo, saa kumi na moja jioni. Wiki nzima ameomba. Wiki nzima baba amejibu lilelile, tena Ijumaa alilisema mbele ya wateja: "Tovuti ikitaka kuingia nyumba hii, ije ipose."

Senha, neno la siri la kufungulia, Biubwa aliijua. Baba huiandika kwa kidole kimoja huku akiitamka. Lakini kuiba hakutaka. Alitaka mzee afungue mwenyewe, kweupe.

Basi baada ya alasiri akaingia Sualehe, fundi cherehani, rafiki wa Mshamu tangu madrasa. Kanzu imepigwa pasi, mkononi sinia la halua, juu yake bahasha.

"Nimetumwa," akasema. "Nina barua ya posa."

Mshamu akafungua bahasha kwa furaha. Akasoma. Furaha ikamshuka.

"Sualehe, mchumba gani huyu jina lake linaanza na www?"

"Kila ukoo na majina yake, bwana. Ulisema ije ipose, imekuja. Na wateja wako waliokusikia wako hapo nje, wananusa halua."

Barua ya posa ikishasomwa, kuirudisha bila mazungumzo ni kumtukana mshenga. Mshamu akashusha pumzi.

"Kwao wapi?"

"Pemba. Ina bweni la wasichana, lina ukuta na mlinzi."

"Hapana. Mwanangu hapandi nguzo za umeme."

"Sawa. Lakini binti ameulizwa?"

Hapo mzee akanaswa. Binti hana budi kuulizwa. Kwa desturi huulizwa akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Biubwa, aliyekuwa nyuma ya pazia, akalivuta pazia lote.

"Nimeridhia," akasema, mpaka nje wakasikia. "Na suruali ya kupandia nguzo Mjomba Sualehe keshanipima."

Nje mtu akapaliwa na kicheko.

"Na mahari?" baba akauliza, sauti imepungua.

"Nyaya za nyumba hii zote. Naanza na ile swichi inayokurusha kila ukienda kutawadha."

Mshamu akaketi mbele ya kompyuta, akaandika senha kwa kidole kimoja, akiitamka. Ya nne ikaingia kwenye orodha.

Biubwa akajaza fomu, baba amesimama mgongoni akisoma kila mstari.

"Kesho naifunga tena," akasema. "Majibu utayaonea wapi?"

"Funga, baba. Yanakuja kwa simu ya Mjomba Sualehe. Namba yake ndiyo niliyoandika."

Mshamu akamgeukia rafiki yake. Sualehe alikuwa ameinamia sinia, anachagua kipande cha halua kana kwamba vyote si sawa.

Saa kumi na nusu na dakika saba, Biubwa akabonyeza kitufe cha kutuma.