Siku Ambayo Moto Hautoki Nyumbani

Honora Sheehy alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la mawe, akifukua makaa aliyoyafunika majivu usiku, aliposikia mtu akikohoa nje. Hakuinuka. Asubuhi ya kwanza ya mwezi wa Mei, mtu wa kwanza kufika mlangoni si mtu wa kufurahiwa, na kila mwanamke aliyetoka Cork, kule Ireland, analijua hilo tangu hajaota meno.

Siku hiyo moto hautoki nyumbani. Wala maziwa, wala chumvi. Ukitoa kaa moja tu, umeitoa na baraka ya ng'ombe wako. Utasukasuka maziwa mpaka mikono ife ganzi na siagi usiione. Siagi yako itakuwa inajaa kwenye chungu cha huyo uliyempa moto.

Sisi wa ukoo wake twapenda kumsimulia kwa hiyo siagi. Kila harusi, kila msiba, hakosi mtu wa kuinua glasi na kusema bibi yetu alitoka Ireland mikono mitupu, akaingia msitu huu wa Kanada, na siagi yake ikalijenga kanisa. Watu wanapiga makofi. Mimi nilichoshwa na makofi, nikaenda kumuuliza shangazi Delia, ambaye mama yake alimuuguza Honora mpaka akakata roho. Sikuyapenda niliyoyasikia.

Aliyekohoa alikuwa Abina Looby, jirani yake wa pekee upande huu wa kinamasi. Wanaume wao wote wawili walikuwa wameshuka na magogo mtoni. Mvua yenye theluji ilikuwa imenyesha usiku kucha, paa la magome la Abina likavuja, maji yakauzima moto, na vitambaa vya kuwashia vikalowa pamoja na kila kitu. Alisimama nje ya mlango, chungu kitupu mkononi, na kifuani mtoto mchanga aliyefungwa kwenye gunia la unga.

Shali hakuwa nayo, na Honora alijua kwa nini. Melini, walipokuwa wakija kutoka Ireland, mwanawe Honora alipofariki kwa homa na mabaharia wakataka kumtupa baharini hivi hivi, Abina ndiye aliyevua shali yake, akamwosha mtoto, akamvika sanda. Shali ile ilizama naye. Nyingine hakupata kununua.

Mlango ulikuwa wa vipande viwili. Honora alifungua cha juu. Cha chini alikiacha na komeo lake.

Abina aliomba makaa mawili tu. Honora akamwambia arudi kesho, tena kwa sauti ya upole, kama mtu anayesema na mgonjwa. Abina akasema mtoto hatafika kesho bila joto. Basi amruhusu aingie akae kando ya moto, moto wenyewe abaki nao.

Hapo Honora aligeuka akatazama zizini. Alikuwa na ng'ombe mmoja, ndio kwanza azae. Mwaka uliotangulia hawakuwa na maziwa, na watoto wake waliuvuka msimu wa baridi kwa maji ya viazi, mbavu zinahesabika. Ng'ombe wa Abina alikuwa amekufa mwezi wa Februari. Na ni nani anayepita asubuhi ya Mei kuiba baraka ya siagi, kama si yule aliyefiwa na ng'ombe?

Abina aliyaona macho yalikokwenda.

"Honora," akasema. "Unadhani nimekuja kuiba siagi yako?"

Honora angesema hapana, hata kwa kudanganya, huenda haya yote yangekuwa hadithi nyingine. Alisimama tu, mkono juu ya komeo.

"Haya, mwenzangu," Abina akasema. "Na ng'ombe wako azidi."

Hakugombana. Hilo ndilo lililomtafuna Honora miaka yote: kwamba Abina hakumtukana. Alikuwa mtoto wa desturi ileile. Pengine naye angefunga mlango. Aligeuka akakizunguka kinamasi chote kwenda kwa Mskochi McPhail, ambaye hana habari ya Mei wala Juni, naye akamjazia chungu mpaka pomoni huku akiwacheka Waayalandi na mambo yao. Moto ukafika nyumbani. Mtoto alifika mdomo umekuwa buluu, na Jumapili wakamzika.

Na ng'ombe? Ng'ombe alizidi. Haki ya Mungu, ingekuwa afadhali angekufa. Maziwa yalifurika ndoo, siagi ikashika upesi, ya manjano na nzito, mpaka watu wa mbali wakaja kuifuata. Watoto wa Honora, Dinis na wadogo zake, walinenepa. Yeye mwenyewe hakuitia mdomoni. Alikula viazi vyake kwa chumvi, na mumewe alipouliza, alisema tumbo linakataa.

Mwaka ukazunguka. Mei mosi, kabla ya kukamua, Honora aliyafukua makaa yote, yale mazuri ya katikati, akayajaza chungu, akaacha jiko jeusi. Akatoka nayo mchana kweupe, yeye mwenyewe, kwa miguu yake, akiitoa baraka ya nyumba yake mlangoni.

Abina alifungua kipande cha juu. Nyuma yake jiko lilikuwa linawaka. Alikitazama chungu, akamtazama aliyekishika, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo.

"Nimekuletea," Honora akasema.

"Moto ninao, Mama Dinis. Nilihitaji wa mwaka jana."

Akafunga, polepole, bila kubamiza.

Honora alirudi mpaka nusu ya njia. Kuurudisha ndani moto ule hakuweza, na kuumwaga hakuweza. Akaketi juu ya kisiki, chungu mapajani, kikimuunguza kupitia sketi, halafu kikawa vuguvugu, halafu kikapoa. Ng'ombe alikuwa akilia nyuma ya miti, kiwele kimejaa, akitaka kukamuliwa.