Ahadi ya Kinyozi

Siku mchungaji aliposimama kutangaza kwamba darasa la watoto sasa litaongozwa na vijana, nilipiga makofi kuliko wote, na moyoni nilikuwa nimenuna. Nimewafundisha watoto wa kanisa lile tangu sijaota mvi hata moja. Baadhi yao sasa ni wazazi, na watoto wao nao nimewafundisha kutulia na kuacha kuvutana nywele. Leo naambiwa nipumzike. Kwani niliomba kupumzika?

Na aliyekabidhiwa darasa si mwingine, ni mtoto wa kaka yangu. Ni kinyozi, na kila mtu humwita hivyo hivyo, Kinyozi, hata mama yake mzazi. Namjua tangu alipokuwa akisinzia kwenye darasa langu, mdomo wazi, mate yakimtiririka shavuni. Sasa mwalimu ni yeye, na mimi ni Shangazi wa kupita kuchungulia.

Na kuchungulia nilichungulia. Kila Jumapili nilijifanya nimesahau kitu kwenye kabati la darasa. Mambo niliyoyakuta humo yalinikera kwanza. Viti nilivyokuwa nikivipanga kwa mistari vilikuwa vimesukumwa ukutani, wote wamekaa kwenye mkeka, mwalimu katikati yao kavua viatu. Halafu maswali yake! Mimi nilipokuwa nikiuliza lolote, hata kama ni nani aliyejenga safina, darasa zima lilipaza sauti, “Yesu!” maana walijua jibu hilo halina hasara. Yeye anawauliza, “Mngekuwa ndani ya ile safina, mngeogopa nini?” Mmoja akasema angeogopa kulala karibu na simba. Mwingine akasema angeogopa kumsahau rafiki yake nje. Nilisimama pale na kabati wazi, nisikumbuke tena nilikuwa najifanya natafuta nini.

Aliyeongea kuliko wote alikuwa binti wa fundi bomba, mtoto wa miaka saba. Tulimwita Chiriku, kwa sababu ulimi wake haukujua mapumziko. Mama yake alipolazwa, alilitangaza mwenyewe darasani, katikati ya habari ya jino lake lililong'oka na ya paka wa jirani aliyezaa: “Mama yuko hospitali. Anapumua kwa mpira.”

Kinyozi akaacha somo. Akawaambia watoto washikane mikono, wakaomba, na mimi mlangoni nikaomba nao. Walipomaliza alimwinamia Chiriku akamwambia, “Mama atapona. Mungu ametusikia. Nakuahidi.” Darasa zima likaitika amina kwa sauti ya kutikisa madirisha. Chiriku alitabasamu, pengo la jino likaonekana.

Kinyozi alipotoka nilimdaka shati.

“Wewe, hilo la kuahidi umelitoa wapi?”

“Shangazi, si ndiyo imani?”

“Imani ni kuomba. Huko kuahidi umetumwa na nani?”

“Usinivunje moyo bwana, Shangazi,” akasema huku akicheka, akaenda kukunja mkeka.

Mama Chiriku aliaga dunia wiki ile ile. Siku ya mazishi Kinyozi alisimama nyuma kabisa ya watu. Hakuthubutu kumsogelea yule mtoto, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nilimwonea huruma.

Wiki kadhaa zikapita kabla Chiriku hajarudi darasani, akiletwa na baba yake. Hakusema neno. Hilo nilikuwa nalitarajia. Kilichonikata maini ni wakati wa maombi. Wenzake wote walikuwa wamefumba macho, yeye kayatoa, anamtazama Kinyozi usoni bila kupepesa. Kinyozi alipofumbua yake akakutana nayo, akayashusha upesi mkekani.

Kesho yake jioni alikuja kwenye chumba changu cha ushonaji, nikiwa napinda sketi ya shule. Akaweka mezani mkoba wa darasa, ule wenye picha na kalamu za rangi, na ufunguo wa kabati juu yake.

“Nimekurudishia, Shangazi. Darasa ni lako.”

Nisiseme uongo, mkono uliniwasha. Nilikuwa nimelingojea neno hilo tangu siku ya yale makofi.

“Keti,” nikamwambia.

“Sikuja kukaa.”

“Nimesema keti.”

Akaketi juu ya nguo za mteja, nikamfokea, akahamia kwenye kigoda. Akaanza kuchezea kipande cha uzi, na mimi nikaendelea kushona. Wanaume wa ukoo wetu ukiwahimiza waseme ndiyo wanazidi kufunga mdomo.

“Baba yake Chiriku alikuja kunyoa leo,” akasema mwishowe. “Nilidhani atanitukana. Hata hakunitukana. Ameniambia mtoto anamwuliza kila siku, mwongo ni mimi au ni Mungu.”

Niliacha kushona.

“Ukamjibu nini?”

“Nilimnyoa, Shangazi. Ningemjibu nini?” Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kile kipande cha uzi, kama kwamba uzi unafuta kitu. Nikamrushia kitambaa.

“Basi kamjibu mtoto. Swali ni lake.”

“Nimwambie nini? Kwamba Mungu ana mipango yake? Kwamba mama sasa ni malaika?”

“Ukimwambia hayo nitakunyoa mwenyewe, tena bila maji.”

Alicheka kidogo, puani. Kisha uso ukamrudia vile vile.

“Rudi wewe, Shangazi. Ukirudi watatulia. Mimi nimeshaharibu.”

“Umeharibu, ndiyo,” nikasema. “Lakini miaka yote ile hakuna mtoto aliyewahi kunikatiza somo aniambie mama yake anapumua kwa mpira. Wewe umeambiwa. Unadhani anayetazama vile amekuchoka? Angekuchoka angefumba macho kama wengine. Anakungoja.”

Maneno hayo yalinichoma mimi kabla hayajamfikia yeye. Ni ya kweli, na kwa kuyasema nilikuwa nalikabidhi darasa kwa mara ya pili, safari hii bila makofi.

“Uliahidi mbele yao wote,” nikamalizia. “Nenda ukaifute mbele yao wote. Na huo mkoba uondoe hapa, unanijazia meza.”

Jumapili iliyofuata sikwenda kabatini. Nilivua viatu nikaketi kwenye mkeka na watoto, magoti yakilalamika. Kinyozi hakuwa na picha wala wimbo. Mikono alikuwa ameikalia.

“Mnakumbuka nilisema mama yake Chiriku atapona?” akaanza. Walikumbuka. Watoto hawasahau vitu kama hivyo. “Mungu hakuniambia hivyo. Nilisema mimi. Nilimwona Chiriku anaogopa, na mimi nikaogopa, nikasema kitu cha kumfurahisha. Mungu hakudanganya. Aliyekosea ni mimi.” Akamgeukia. “Chiriku, nisamehe.”

Upande wa pili kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Nilitamani kudakia, nisaidie, niseme neno la Biblia, chochote. Nikajiuma ulimi.

“Kwa nini hakumponya?” Chiriku akauliza. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuitumia.

“Sijui,” akasema Kinyozi.

“Mchungaji anajua?”

“Nadhani naye hajui. Lakini unaweza kumwuliza.”

“Na Shangazi wako?”

Macho yote yakanigeukia. Nimejibu maswali ya Biblia mbele ya maaskofu, wala sikuwahi kubabaika.

“Sijui, mwanangu,” nikasema. “Mimi pia namwuliza Mungu, na bado namlilia mama yako.”

Alituangalia kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, akitupima. Mabega yake yakashuka. Kisha akajiburuta juu ya mkeka hadi akafika kando ya Kinyozi. Hakumwegemea. Alikaa tu karibu, magoti kifuani, na Kinyozi alikuwa na akili ya kutomgusa. Wakaendelea na somo kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemhimiza aseme chochote.

Walipoomba sikufumba macho, nilitaka kumwona. Yeye alifumba jicho moja, lingine akalibakiza wazi kwa ulinzi.

Wakati wa kuondoka fundi bomba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuuliza kimetokea nini. Chiriku alikwenda akamshika baba yake kidole, na Kinyozi akawasindikiza hadi kizingitini.

“Haya, Chiriku. Jumapili ijayo nitakuja, utanikuta hapa hapa.”

Mtoto akasimama. Akageuka.

“Usiseme utakuja,” akamwambia. “Sema unataka kuja.”

Kinyozi alipiga magoti pale mlangoni, watoto wengine wakimpita kushoto na kulia, hadi macho yao yakawa sawasawa.

“Nataka kuja,” akasema.

“Sana?”

“Sana.”

Chiriku alimkagua uso wote, bila haraka, na baba yake akangoja.

“Na mimi nataka kuja,” akasema, akamvuta baba yake wakaondoka.