Akiba ya Mshono

Basi lilipopata pancha, abiria wote walisonya isipokuwa fundi cherehani. Yeye alishukuru kimoyomoyo.

"Mama watoto, nashuka kunyoosha miguu."

"Nyoosha," mkewe akasema bila kugeuza shingo. "Mimi nabaki na nguo za harusi. Watu wa siku hizi hawaaminiki."

Miguu fundi aliinyoosha kweli, ila ilinyooka kuelekea upande mmoja tu: ule ilikotoka harufu ya siagi.

Walikuwa wanakwenda kumwoza kitinda mimba wao kesho yake. Mwezi mzima walikuwa chini ya kiapo: sukari mwiko, mpaka nguo za harusi ziwakae vizuri. Na kiapo kilikuwa na adhabu. Fundi akishindwa, atasimama ukumbini kutoa hotuba ya wazazi, yeye ambaye hata wateja huwajibu kwa kichwa huku pini zimemjaa mdomoni. Mkewe akishindwa, atakaa kimya siku nzima ya harusi. Majirani waliposikia hawakujua wamwonee huruma nani.

Duka la keki lilikuwa jipya hasa; rangi ya mlango ilikuwa bado inanata. Ndani ya kabati la kioo keki zilijipanga zikimtazama kama mabibi harusi. Meza zilikuwa tano, kila moja na kitambaa cha maua. Fundi akapapasa upindo wa kimoja. Ulikwenda mrama, lakini kwa nia njema.

"Karibu, baba!" mwokaji akamlaki, dada mchangamfu mwenye unga mpaka kwenye nyusi. "Ndiyo wiki yetu ya kwanza. Nikupe hii?"

Fundi akatikisa kichwa kukubali.

"Na hii ya chokoleti?"

Kichwa tena.

"Naona baba una kiapo," dada akanong'ona. "Kaa kule nyuma ya pazia. Wenye viapo wote hupapenda."

Keki ya kwanza iliyeyuka kabla dhamiri haijapata nafasi ya kusema neno. Alikuwa ameifungulia kinywa ya pili mlango ulipolia.

"Mwanangu, nipe ile ya krimu," ikasema sauti aliyoifahamu kuliko mlio wa cherehani yake. "Siyo hiyo. Ile kubwa. Na chai isiyo na sukari, maana nimekula kiapo."

Fundi nusura apige vigelegele. Nimemkamata! Akashika ncha ya pazia ili alifungue kwa kishindo, kisha mkono ukamgandia hewani. Mama akinyamaza harusini, kipaza sauti kitakwenda kwa nani? Kwa baba! Akishindwa yeye, anasema. Akishindwa mkewe, anasema vilevile. Mwezi mzima alikuwa anachungulia shimo moja kwa matundu mawili. Akaliachia pazia polepole na kuziba pumzi.

"Harusi kesho, keki leo," mwokaji akatania. "Gauni litakubali, mama?"

"Litakubali tu. Mume wangu fundi. Nilimwambia alibane, akaitikia kwa kichwa kama kawaida yake. Baadaye nikaligeuza ndani nje. Nakuta nini? Kaacha kitambaa vidole vitatu kila upande! Ndivyo anavyonishonea tangu tuoane. Sijawahi kusikia kinywani mwake kwamba nimenenepa. Anafumua uzi kimya kimya, nami nashtukia nguo inanitosha." Akakoroga chai yake isiyo na sukari. "Wenzangu huambiwa maneno matamu. Mimi naachiwa akiba ya mshono."

Chembe ya keki ikampalia fundi. Akakohoa.

"Kikohozi hicho nakijua," mkewe akasema. "Nalala nacho."

Pazia likafunguka. Walitazamana, yeye na unga wa sukari kwenye masharubu, mkewe na krimu puani.

"Nguo umemwachia nani?" fundi akawahi.

"Konda."

"Si ulisema watu hawaaminiki?"

"Yule ana uso wa mtoto wa watu. Na wewe, ndivyo miguu inavyonyooshwa, kwa kijiko?"

Mwokaji alikuwa ameficha uso kwenye aproni, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Basi tumeshindwa wote," mkewe akasema, safari hii kwa upole. Aliona jasho likimtoka mumewe. "Tusameheane, baba watoto. Nitasema mimi, kama siku zote."

Lilikuwa jambo jepesi kukubali. Kichwa kilikwishaanza kutikisika. Lakini fundi alitazama ile krimu puani, akakumbuka vidole vitatu kila upande. Akasimama, akashika ukingo wa meza.

"Wanangu," akaliambia birika la chai. "Mkishoneana nguo... acheni akiba ndani. Mtu hubadilika." Akaketi kwa kishindo. "Nimemaliza."

Mwokaji akajifuta macho kwa aproni ileile. Mkewe akafungua kinywa, akakifunga, akajiziba kwa mkono.

"Si leo," fundi akamwambia. "Kimya chako ni cha kesho."

"Afadhali! Maana ningepasuka." Akageukia kabati la kioo. "Mwanangu, tufungie nne za njiani, na huyo baba mwenye hotuba mfungie ya tano."

Honi ya basi ililia. Mama watoto alianza kusema pale mlangoni, na basi lilipoondoka alikuwa bado hajafika katikati ya maneno yake.